Hesabu ya Kibanja

Tulikuwa wanne, tunasoma kidato cha nne kwa njia ya posta, na vitabu vya kozi tulikuwa na seti moja tu. Kila mmoja alibeba somo lake, akalisoma wiki nzima, Jumamosi akatufundisha wengine katika chumba kimoja nyuma ya soko la Muleba. Nani angeweza peke yake? Nilikuwa nalima, napika, nazika. Miaka ile ukitoka msiba huu unaingia ule.

Hesabu aliibeba mama mmoja mjane, jirani yangu wa Ijumbi. Mumewe alirudi mzima kutoka vita vya Kagera, akaja kumalizwa na silimu, maradhi yale ya kukondesha mtu mpaka anakwisha. Mama huyu alitaka cheti ili aajiriwe ualimu, watoto wake wale jasho lake na si huruma za mashemeji. Wenzetu wengine walikuwa wanaume: mwalimu msaidizi kutoka Izimbya na karani wa ofisi pale Muleba. Mama akitutolea kahawa ya kutafuna, buni za kumkaribishia mgeni kwetu, wale wanasema wameshiba. Tangu lini kahawa ya kutafuna ikakataliwa kwa shibe? Mimi nilichota kiganja kizima, makusudi, nikatafuna wakinitazama.

Basi likaja swali: shamba lina urefu huu na upana huu, migomba ipandwe mita tatu kila upande, yatakuwa mashina mangapi? Mama akakokotoa, akatueleza, tukaandika kama alivyoandika yeye, bahasha ikaenda. Majibu yakarudi na wino mwekundu. Mkufunzi, mtu wa mbali huko, aliandika kwamba wote wanne tumetoa mashina manne kwa ajili ya makaburi. Makaburi yametoka wapi? Nani kanakili kwa nani? Tumtaje afutwe, na kazi irudiwe, la sivyo sote hatufanyi mtihani.

Kwetu tunazika kibanjani, shamba linaloizunguka nyumba, katikati ya migomba, na kila kaburi linakula nafasi ya shina moja. Mama alipoandika "toa 4 za makaburi" hakuna kati yetu aliyeuliza. Kibanja kisicho na kaburi ni cha mtu aliyehamia jana.

Jumamosi ile mama hakuja, alikuwa na homa. Karani akakohoa kidogo, akasema, "Tumtaje yeye. Mwenyewe haendi mbali."

Damu ilinichemka. "Aliyetufundisha ndiye awe mwizi?"

"Dada, tuseme ukweli," mwalimu akaingilia. "Atafika kwenye huo mtihani?"

"Na wewe nani kakuahidi kwamba utafika?"

Nikakusanya karatasi zote nne, nikawaambia anayetaka kumtaja mama anitaje mimi kwanza. Barua niliiandika palepale. Hapa hakuna mwizi, niliandika. Tunafundishana na tutaendelea kufundishana. Mkiwa na shaka, tuiteni mmoja mmoja mbele ya ubao. Nikawasukumia waweke sahihi. Waliweka, shingo upande.

Kisha nikampelekea mama kazi ya kurudia. Nilimkuta amekaa nje kwenye mkeka, amejifunga blanketi jua likiwaka. Nikamsomea barua, akaitia sahihi yake. Hatukubishana juu ya makaburi: yangebaki kwenye hesabu, mkufunzi apende asipende. Lakini nikiwa nimekaa pale niliyaona ya kwake, upande wa nyuma ya nyumba. La mumewe, la mama mkwe, na dogo la mtoto wake wa kwanza.

"Mama, haya ni matatu. Mbona ulitoa manne?"

"La nne langu," akasema. "Hesabu nzuri haisahau kitu."

Sikumbembeleza. Nilikasirika, tena sana. Nilikuwa nimetoka kugombana na watu wazima wawili waliokwisha kumzika, kumbe na yeye mwenyewe yuko upande wao.

"Swali halikuuliza habari zako," nikamwambia. "Andika tatu."

Akatikisa kichwa. Nikamnyang'anya kalamu, nikaikata ile nne kwenye karatasi yake, nikaandika tatu juu yake, nikamrudishia kalamu mkononi.

"Haya, malizia."

 Akavuta karatasi karibu, akakokotoa upya tangu mwanzo, na jibu likaongezeka shina moja.