Tari la Mama Kwenye Jiko la Muhogo

Mama alipofariki alituachia tari lake, na mimi aliniachia wadogo watatu. Baba alikwisha kutangulia. Niliacha shule darasa la tano, nikalima kijijini Diaca, nikauza samaki mjini Mocímboa, na wanawake waliponiita shereheni nilikwenda na tari hilo. Sijawahi kulipiga likiwa baridi. Ngozi yake hulegea ikipata unyevu, ukiipiga inatoa sauti ya gunia. Sisi hulipasha kwa moto wa makumbi ya nazi mpaka lilie.

Mdogo wetu wa mwisho ni mpiga piano. Mwaka jana yeye na bendi yake walialikwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la jazi linalofanyika kila mwaka Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa mkoa wetu. Akanipigia simu.

"Dada, wimbo wetu wa mwisho nimeutunga juu ya tari la mama. Usipokuja, haupo."

Nikaenda. Siku yenyewe mvua ilinyesha mchana. Alasiri, nyuma ya jukwaa, nilikuwa nimeshawasha makumbi yangu alipokuja mratibu, bwana mmoja wa Maputo mwenye kitambulisho shingoni.

"Mamã, moto hapa hapana! Kuna nyaya." Akaumwagia maji. "Sauti ya ngoma tunayo kwenye kompyuta. Unabonyeza tu, inalia."

"Inalia kama tari la mama yangu?"

"Mnapanda baada ya dakika kumi. Ama kompyuta, ama wimbo huo tunaukata."

Mdogo wangu akanivuta pembeni. "Dada, lipige hivyohivyo. Nani atajua?"

"Wewe utajua. Panda, anzeni. Nitawakuta kwenye wimbo wa mwisho."

Nikavuka barabara. Ng'ambo alikuwapo mwanamke mmoja akikaanga muhogo kwenye jiko la makaa.

"Mama, naomba moto wako kidogo."

"Wa nini?" Akaliona tari. "Loo! Leo nakaangishwa ngoma! Nitie na chumvi?"

"Tia pilipili, isilale."

Akacheka, akaepua karai. Wateja wake wakalalamika, naye akawaambia wangoje, muhogo wa jazi uive kwanza.

Moto wa makaa ni mkali kuliko wa makumbi. Ukizidisha, ngozi inapasuka, na tari la mama lilikuwa hilo moja tu. Nililishika juu, nikaligeuza polepole, nikaligonga kwa kidole. Gunia. Nikaligeuza tena. Nilisikia wimbo wa kwanza ukiisha, watu wakapiga makofi. Wa pili. Wa tatu.

Kisha wa mwisho ukaanza, ikabaki piano peke yake. Sauti chache zilezile, zikizunguka, zikirudi palepale. Watu huenda walidhani jazi ndivyo ilivyo. Mimi nilijua ananingoja. Hakuibonyeza ile kompyuta.

"Nenda basi, wanakuita," mwenye jiko akasema.

"Bado."

Niligonga tena, bado. Niliposikia kidole changu kimejibiwa, sauti safi, ndefu, ndipo nilipovuka barabara. Sikukimbia. Mratibu alikuwa amesimama kwenye ngazi, saa mkononi. Aliniangalia, akaliangalia tari, akasogea pembeni.

Mdogo wangu hakugeuka. Baadaye aliniambia alisikia harufu ya mafuta ya muhogo, akajua nimefika. Nikakaa kwenye kiti nilichowekewa, nikangoja azungushe sauti zake mara moja zaidi, nikapiga.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni ngozi ya kweli. Kina mama waliokuwa nyuma ya uwanja walipiga vigelegele kabla hata gitaa halijaingia, na mdogo wangu akacheka hukohuko juu ya piano yake, kama alivyokuwa akicheka alipokuwa mtoto nikimbebea maji.

Tuliposhuka, tukakuta wapigaji wa kutoka bara, Wamakonde, wanagonga ngoma zao zilizolegea kwa mvua na kutikisa vichwa. Mmoja akamuuliza mratibu wapi pa kuwasha moto. Mratibu akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

"Pale kwa mama wa muhogo," akasema. "Ila mpange foleni."