Kalekye na Mstari Mwekundu wa Bodi

Kalekye wa Nzomo hakuwa mtu wa kutia sahihi ovyo. Kijijini Kyambusya, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka soko la Zombe, watu walimtania kwamba hata daftari la rambirambi halishiki mpaka marehemu azikwe, asije akasainishwa kaburi. Ukimpa karatasi, anaitazama kichwa, anaitazama mkia, kisha anaigeuza kuona nyuma kuna nini. Baada ya hapo anakurudishia na neno lake lile lile: "Mimi nitasaini mwisho."

Na usimcheke haraka. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miaka tisa iliyopita, mume wake Nzomo alikwenda kwenye mkutano wa mchanga wa mto. Kila aliyefika alipewa soda na karatasi tupu ya mahudhurio, akaandika jina. Nzomo alisimama akapinga malori mpaka sauti ikamkauka. Wiki mbili baadaye karatasi ile ile ilionekana imebanwa kwa pini nyuma ya barua iliyosema wanakijiji wamekubali mchanga uchotwe, na jina la Nzomo lilikuwa la tatu. Malori yakaja, mchanga ukaenda, na visima ambavyo akina mama walikuwa wakichimba mtoni kwa mikono vikawa mashimo makavu. Majirani wakamwita Nzomo msaliti. Alikufa na jina hilo, mtu ambaye hakuuza hata ndoo moja ya mchanga. Kalekye alimzika akiwa na uchungu usio na pa kuupeleka, na tangu siku hiyo akawa haogopi mkutano wowote. Aliogopa karatasi inayopita kabla ya mkutano.

Ndiyo sababu wazazi wa shule ya sekondari ya Kyambusya walimchagua aingie kwenye bodi. Walisema huyu hatiwi mfukoni. Yeye alikubali kwa sababu yake mwenyewe, na sababu hiyo ilikuwa Wayua.

Wayua, mjukuu wake, alikuwa kidato cha tatu. Alikuwa pia na mtoto wa miezi minane, Kiilu. Aliporudi shuleni baada ya kujifungua, Kalekye hakumpa hotuba. Alimwambia tu, "Wewe soma. Huyu mchana ni wangu, jioni ni wako." Kila siku saa saba mchana Wayua alitoka mbio, akanyonyesha, akameza muthokoi wa jana, mahindi na maharagwe, amesimama, akarudi kabla ya kengele. Mpango huo uliwezekana kwa kuwa shule ilikuwa ya kutwa na nyumba ya Kalekye ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Sasa mwalimu mkuu, Bwana Mulinge, alitaka shule igeuzwe kuwa ya bweni tupu, kila mwanafunzi alale ndani. Alisema alama zitapanda. Huenda zingepanda kweli, ila Wayua asingekuwepo kuziona. Anayenyonyesha halali bwenini.

Uamuzi ulikuwa wa bodi. Lakini kabla ya bodi kuamua, ikasemekana ni lazima kwanza ifundishwe kuamua. Watu wazima kumi na wanne, wengine wana wajukuu, wakaitwa kukaa kwenye madawati ya kidato cha nne, magoti yakigonga mbao.

Mkufunzi alikuwa Madam Nasreen, mwalimu mstaafu wa kutoka mjini Mwingi, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya kuzoea darasa. Alishuka kwenye gari la Mulinge. Kalekye aliona.

"Ameletwa na nani huyo?" alimuuliza Mutanu, rafiki yake wa miaka mingi, naye mjumbe wa wazazi.

"Na Principal. Basi ilimwacha Zombe. Ulitaka aje na miguu?"

"Anayekubeba ndiye anakushusha mahali anataka."

Mutanu akacheka. Kalekye hakucheka. Alihesabu vitu: kalamu mpya za bure kwa kila mjumbe, faili za rangi ya samawati, stepla juu ya meza. Stepla hiyo hakuipenda hata kidogo. Mkutano wa mafunzo unabana nini na nini?

Madam Nasreen alifundisha vizuri, lazima niseme. Alieleza kwamba bodi si muhuri wa mwalimu mkuu, kwamba mwalimu mkuu ni katibu na hapigi kura, kwamba kura zikilingana mwenyekiti anaongeza yake. Kalekye aliyasikia yote kwa sikio moja. Sikio la pili lilikuwa kwa karatasi ya mahudhurio iliyokuwa ikitembea dawati kwa dawati. Ilipomfikia, akaigeuza, akaisukuma mbele.

"Mimi nitasaini mwisho."

Wajumbe wakaguna. Madam Nasreen akatabasamu. "Muacheni mama. Ni haki yake kujua anachosaini. Mngekuwa wote kama yeye ningelala vizuri."

Mtu mwingine angefurahi. Kalekye alijiambia: anayekusifu kabla hajakujua ana kitu anataka.

Baada ya chai, Mulinge alichukua karatasi ile akaondoka nayo kuelekea ofisini. Kalekye alinong'ona kwamba anaenda choo, akapita nyuma ya jikoni, akajibanza kwenye dirisha la ofisi kati ya tangi la maji na ukuta. Alimwona Mulinge anaiweka karatasi kwenye mashine ya fotokopi. Nakala moja. Ya pili. Mashine ikakwama, akaifungua, akaipulizia, akaipigapiga ubavuni. Kalekye alisimama pale jua likimchoma kisogo, miguu ikafa ganzi, akingoja kuona barua ya siri itakayobanwa na majina ya watu. Hakuna barua iliyotokea. Mulinge alitoa nakala zake, akajifuta jasho, akala ndizi.

Aliporudi darasani somo lilikuwa limekwisha. Mikono ya wajumbe ndiyo kwanza ilikuwa ikishuka, kama watu waliotoka kupiga kura. Ubaoni palibaki mstari mmoja mrefu wa chaki nyekundu, na Madam Nasreen alikuwa anaufuta.

"Mmepitisha nini?" Kalekye alimuuliza mwenyekiti, Mzee Musyimi.

"Aah, ni mambo ya mahudhurio tu, mwaitu. Utaratibu."

Mahudhurio tena! Kalekye akakaza midomo. Jioni, watu wakikunja faili zao, Madam Nasreen alimfuata mlangoni.

"Mama, kuna kipande ulikikosa ulipotoka. Nikueleze kidogo? Ni muhimu."

"Nimesikia ya kutosha, madam. Nimuvea, asante."

"Basi chukua mwongozo huu ukasome nyumbani. Tia tu sahihi hapa, kuonyesha umepokea."

Hapo ndipo madam alipoharibu, maskini. Kalekye aliitazama kalamu, akaitazama ile orodha ya waliopokea, akamrudishia mwongozo wake kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akaenda zake akijiona amekwepa mtego.

Wiki tatu zilizofuata alifanya kazi ambayo hakuna mafunzo yangemfundisha. Alitembea nyumba kwa nyumba kwa wajumbe. Alimkumbusha huyu binti yake anayechota maji alfajiri kabla ya shule, akamwuliza yule ni nani atachunga mbuzi jioni watoto wakifungiwa. Hakumbembeleza mtu. Kufikia siku ya mkutano alikuwa na sita wa uhakika, na yeye wa saba. Mjumbe mmoja alikuwa Makindu kwenye mazishi, kwa hivyo wenye kura walikuwa kumi na watatu. Saba kwa sita. Asubuhi hiyo alimwambia Wayua, "Leo usiwe na wasiwasi. Kesho utavuka uwanja kama kawaida."

Maombi yakafanywa, Mzee Musyimi akasoma ajenda: shule ya kutwa kuwa ya bweni. Karatasi ikaanza kuzunguka. Kalekye akaigeuza, akaona nyuma nyeupe, akaisukuma.

Mutanu akamshika mkono chini ya dawati. "Kalekye, leo saini. Saini sasa. Kuna ule mstari."

Kalekye alimgeukia polepole. Walikuwa wamebebana kuni tangu usichana, wamezikiana watu. "Wamekupa nini, Mutanu?"

Mutanu akauondoa mkono wake. Machozi yalimlengalenga, akatazama ubao.

Mulinge akaipokea karatasi, akatoa kalamu nyekundu na rula, akapiga mstari chini ya jina la mwisho. Kalekye alimwona. Alichungulia kama chini ya karatasi hiyo kuna nyingine. Haikuwepo, akatulia.

Kisha wakajadili, na siku hiyo Kalekye alisema. Hakumtaja Wayua, lakini hakuna aliyekosa kujua. Alisema shule hii ilijengwa na wazazi waliobeba mawe kichwani ili watoto walale kwao, na kwamba kumfungia mtoto kunaweza kumpa alama, lakini kuna watoto ambao mlango ukifungwa wao wanabaki nje. Hata waliompinga walitikisa vichwa kwa masikitiko. Mikono ikainuliwa. Bweni, sita. Kutwa, saba. Kalekye alihisi furaha ikimpanda kifuani mpaka akataka kucheka kwa sauti.

Mulinge akakohoa. Hakuwa na furaha usoni, hilo nimkubalie. "Mwenyekiti, kuna jambo la utaratibu. Siku ya mafunzo sote tulipitisha kwamba ajenda ikishasomwa na mstari ukapigwa, asiye juu ya mstari amehudhuria kama mgeni. Anaweza kusema. Kura yake haihesabiwi. Jina la Mama Kalekye haliko."

"Leteni nisaini!" Kalekye alikuwa ameshasimama, mkono umenyooka. "Leteni hiyo karatasi nisaini sasa hivi!"

"Mstari umepigwa, mama."

"Lakini sisi wote tunamwona hapa!" Mutanu alilia. Ndiyo, Mutanu yule yule.

Mzee Musyimi alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili. "Hata mimi namwona. Karatasi ndiyo haimwoni. Na hiyo sheria tuliinulia mikono wenyewe." Sita kwa sita. Mwenyekiti akaongeza kura yake pale ilipokuwa tangu mwanzo, kwenye bweni.

Kalekye alivuka uwanja wa mpira peke yake. Alijua ametapeliwa, alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Wamemtega kwa yule madam wa miwani, na kalamu za bure, na stepla. Alimkuta Wayua ananyonyesha, akamwambia kwa sentensi moja, na Wayua hakulia. Alimbadilisha mtoto titi, basi.

Jioni Mutanu alikuja, hakukaa. Aliweka mwongozo wake mezani. "Soma hiyo," alisema. "Mimi sikupewa kitu."

Wayua ndiye aliyesoma kwa sauti, kwa kuwa macho ya Kalekye yalikuwa yamechoka. Ukurasa wa sita, somo la baada ya chai: "Majina yaandikwe chini ya ajenda iliyoandikwa, wala si kwenye karatasi tupu. Mstari mwekundu upigwe kabla ya mjadala, ili jina la mtu lisiongezwe baadaye, wala kubandikwa kwenye uamuzi ambao hakuukubali. Yamewahi kutokea, na watu wema wameitwa wasaliti."

"Rudia hapo," Kalekye alisema.

Wayua akarudia.

Kalekye aliketi kwenye kigoda. Karatasi aliyoisukuma asubuhi ilikuwa na ajenda juu yake, imeandikwa kwa herufi kubwa. Aliigeuza kutafuta kilichofichwa nyuma na hakusoma kilichokuwa mbele. Yule madam alikuwa amebeba dawa ya ugonjwa uliomuua Nzomo, akamfuata nayo mpaka mlangoni, naye akamrudishia kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipolia, kilio cha aibu, kinachouma kuliko cha msiba. Kesho yake alikwenda kwa Mutanu kuomba msamaha, na Mutanu akamsamehe, lakini hawakurudi kuchekeana kama zamani, si mwaka huo.

Muhula ulipofungwa, walezi wa wasioweza kulala bwenini waliitwa ofisini mmoja mmoja. Kalekye alikwenda na Wayua, Kiilu mgongoni. Mulinge alimsogezea fomu ya kuacha shule, na kalamu, moja ya zile mpya za siku ya mafunzo.

"Soma kwanza, mama," alisema kwa upole. "Hatuna haraka."

Kalekye alichukua kalamu, akaandika jina lake lote pale alipoonyeshwa, akaisukuma karatasi.

"Susu," Wayua alimnong'oneza bibi yake, "hujaangalia nyuma."

"Nyuma hakuna kitu," alisema Kalekye, akanyoosha mikono ampokee mtoto.