Faini ya Kuku Niliyoiandika Mwenyewe

Chekeni tu, nimezoea, lakini kwa kuwa mmeniuliza tena kwa nini sikumwoa Mwikali, nitawajibu leo na nisiulizwe tena.

Nilikuwa karani wa mwethya kule Kanyangi, ile kazi ya kijiji ya kuchimba matuta shambani kwa zamu, na kwa sababu nilifika Form Two (nilifika, sijasema nilipita) nilipenda Kiingereza kuliko chakula. Watu walipoanza kukwepa kazi nikaandika kwa kitabu: "We impose a fine of one hen." Mwenyekiti wetu, Mzee Mutua, akauliza impose ni nini. Nikatia mikono mfukoni. "Ni kumwekea mtu mzigo bila kumuuliza, na habishani."

"Vizuri sana," akasema, "basi karani ndiye atakuwa anaenda kuchukua hizo kuku." Watu wa mwethya wakapiga makofi, na mimi mjinga nikashukuru.

Wiki ya kwanza aliyekosa kuja ni mmoja tu: mama yake Mwikali, msichana niliyekuwa nimemposa. Woi! Sisi Wakamba mama mkwe ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite, sasa niende kwake kumnyang'anya kuku? Nikamsihi mzee tumsamehe. Akafungua kitabu, akanionyesha mwandiko wangu. "Si wewe ulisema habishani?"

Nikaenda mchana nikijua ako mtoni kuchota maji, nikavizia kuku, akaniponyoka, nikamkimbiza mpaka ndani ya jikoni, nikajitupa chini nikamshika miguu, na kuinua macho, mama mkwe huyo hapo kando ya moto, mguu umevimba, umefungwa kitambaa. Kumbe aliteleza mtoni, ndiyo maana hakuja kazini! Akajifunika uso kwa leso.

"Mchukue," akasema, mimi bado nimelala kifudifudi. "Nilikuwa nimewawekea wazee wako, wakija Jumamosi kuzungumza mahari."

Wazee wangu hawakwenda. Wangeenda na uso gani? Mwikali alimtuma dada yangu aniambie nisimtafute, akaolewa Nunguni, na yule kuku watu wa mwethya walimla mbele yangu wakisema ni mtamu.

Tangu hapo sijamwandikia mtu yeyote sheria. Na redio ikitangaza kwamba serikali ime-impose jambo fulani, wenzangu huuliza ni jambo gani. Mimi huuliza mzigo amewekewa nani.