Siku Tatu za Kuijaribu Kathiawar

Nimeendesha teksi mjini Unguja tangu ujana wangu, wala sijapata kuvuka bahari isipokuwa kwenda Pemba. Hata hivyo nazijua njia za Kathiawar, ile nchi ya Wahindi iliyochomoza baharini kule Gujarati. Ukitoka Porbandar kwenda Dwarka, bahari iko mkono wa kushoto. Ukigeuka kwenda Somnath, iko mkono wa kulia. Katika miaka ya hamsini niliisafiri siku tatu, na kila siku nikarudi kula kwangu.

Aliyenitia katika mambo hayo ni Mhindi mmoja muuza nguo wa Hurumzi. Alizaliwa hapa hapa, Kiswahili chake kizuri kuliko changu, na India hakuwa anaijua ila kwa masimulizi ya mama yake. Mama huyo aliletwa Unguja akiwa bi harusi, na tangu hapo hakurudi kwao. Mwaka ule mwanawe alikata shauri wapande meli wote wawili mpaka Porbandar, kisha wakodi gari wayazunguke mahekalu makubwa. Akaniita dukani nimsaidie kupanga safari, kwa kuwa yeye alijua yadi tu, barabara hazijui.

Nilimkuta ametandaza ramani juu ya majora ya kanga. Alikuwa akilaza uzi juu ya barabara, akiufuatisha kila kona, kisha akaunyoosha kwenye rula na kuandika maili. Mpango wake wa siku ya kwanza ulikuwa chai ya asubuhi Porbandar, adhuhuri Dwarka, halafu kugeuza na kulala Somnath.

"Mbona mbio hivi?" nikamuuliza.

"Wewe si unakwenda Makunduchi na kurudi kabla ya alasiri?"

Hapo ningemkanya. Lakini nilipenda sifa siku zile, na mtu akinisifu uendeshaji wangu akili hunitoka. Nikamwambia kwa dereva hodari hiyo si kazi, tena nikamwongezea hekalu moja la njiani. Kwetu sisi watu wa kisiwani njia ikizidi sana unaishia majini, kwa hivyo hatukuwa na cha kutuonya.

Nyuma ya pazia tukasikia kicheko. Mama yake alikuwa amekaa huko anachambua choroko, na muda wote alikuwa akitusikiliza. Akatoka na ungo wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akatuambia tulivyo.

"Nyinyi mnapanga kama mnakwenda hapo Bububu. Kule kuna vumbi, kuna mito, kuna ng'ombe wamelala njiani na hakuna wa kuwaondoa. Sisi kwenda Dwarka tulikaa kwenye gari la ng'ombe siku nyingi mpaka miguu ikatusahau."

Mdomo uliponza kichwa. Mwanawe alimsikiliza, akaufuta mpango wote, safari ya siku tatu ikawa ya siku nane. Alipomaliza kuandika akamtazama mama yake, akasema kama njia yenyewe ndiyo hiyo, basi mama atabaki nyumbani. Umri umekwenda. Atamletea maji ya mto mtakatifu na picha za mahekalu. Yule mama aliweka ungo chini. Sijapata kumwona mtu akijutia kusema kweli kama alivyojuta yeye siku ile, na mimi nilimwonea huruma kwa sababu ule uongo wetu ndio ungempeleka.

Hakulia. Alisema, "Nijaribu."

Wakaelewana. Siku tatu nitamchukua kwenye gari asubuhi na kumrudisha alasiri, maili zile zile za kwenye uzi. Akivumilia, atakwenda. Mwanawe hakuweza kuliacha duka, kwa hivyo shahidi nikawa mimi. "Wewe husemi uongo," akaniambia, na kwa kweli nilikuwa na jina hilo mtaani, ingawa wengine walisema ni ukosefu wa adabu tu.

Siku ya kwanza Dwarka yetu ilikuwa Jambiani. Alikaa nyuma na kikapu chake cha chapati na chombo chake cha shaba cha maji, maana chakula cha mikono ya watu asiowajua hakili. Wanawake waliokuwa wakifukua makumbi ya nazi pwani walimkaribisha wali akakataa kwa upole, lakini dafu alilipokea. Dafu, alinieleza, limepikwa na Mungu mwenyewe. Alikunywa mawili.

Siku ya pili tulizunguka Kizimbani, kwa sababu uzi ulikuwa mrefu na kisiwa kilikuwa kimeanza kutuishia. Tulipopita mara ya tatu, vibarua wa shamba la mikarafuu waliniuliza nimeangusha nini. Juu ya hayo Bi Mkubwa alikuwa akinisimamisha. "Hapo simama. Ng'ombe wanapita." Barabara nyeupe, hata kuku hayupo. Mimi mwepesi wa hasira, lakini nilikaa nimeshika usukani nikingoja ng'ombe wa India wapite, na baada ya siku mbili, niseme kweli, nikawa naona raha. Jioni zote mbili nilimwambia mwanawe kwamba hakulalamika hata neno moja, na ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya tatu ilikuwa ya Girnar, mlima wa mahekalu wenye ngazi maelfu. Unguja haina mlima. Tukaamua kwenda Mangapwani, kwenye pango la maji, tushuke zile ngazi za mawe kisha tupande. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema, akashuka vizuri, akanawa uso na maji ya pangoni. Kupanda ndiko kulikotutaabisha. Nusu ya njia alikaa juu ya jiwe bila ya kuniaga. Miguu ilikuwa imevimba imejaa kwenye viatu, pumzi inakatika, na mkono alionishika nao ulikuwa wa baridi.

"Usimwambie," akasema.

"Bi Mkubwa, akiniuliza ntamwambia. Mimi siwezi kumficha mtu habari ya mama yake."

Akapumua kidogo. "Nlipoletwa huku nlikuwa na miaka kumi na tano. Nlitapika njia nzima. Hakuna aliyeuliza kama ntaweza."

Nilimpa maji yake, nikamngojea, kisha tukapanda ngazi moja moja, yeye akihesabu kwa lugha yao. Juani rangi ilimrudia, akala chapati moja. Njia nzima ya kurudi mjini nilitengeneza maneno na kuyavunja.

Mwanawe alikuwa akikunja jora alipotuona. Alimsaidia mama yake kuingia ndani, akarudi kwenye kaunta.

"Vipi leo?"

"Ameshuka na amepanda," nikasema. "Hakulalamika."

Aliendelea kukunja. Nilitaka kuondoka kabla hajaniuliza la pili, lakini akasema bila ya kuinua macho:

"Miguu yake nnaijua. Tangu siku ya kwanza nnaikanda mimi mwenyewe kila jioni."

Uso uliniwaka. Nikamuuliza, sasa mimi alikuwa ananiuliza nini siku zote tatu?

"Tikti yake nshakata, tangu jana." Alilaza jora juu ya mengine, akalisawazisha kwa viganja. "Nlitaka na mtu mwengine aseme aende. Likimpata la kumpata huko njiani, nsiwe nimelisema peke yangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni, funguo za gari mkononi. Nikarudi ndani mpaka kwenye kaunta.

"Aende," nikamwambia.