Maji Aliyonyunyiza Lokaale

Kwa miaka sita Lokaale hakuwahi kuvunja kanuni ya darasa lake: mwanafunzi hapewi hadithi mpya kabla hajaitii ile ya kwanza. Kuikariri hakukutosha.

Kanuni hiyo aliipata mjini Isiolo kwa Mchungaji Mwirigi, aliyewakusanya wazee wa makanisa ya vijijini kwa majuma mawili, akawafundisha hadithi arobaini za Injili kwa kusikia tu, maana wengi wao hawakujua kusoma. Lokaale alirudi kijijini kwao, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka barabara ya Ngare Mara, akaanzisha darasa kwenye kivuli cha tangi la maji lililokauka. Ndani ya kanisa la mabati hakukukalika mchana.

Walianza watu ishirini na watatu. Ulikuwa wakati wa ukame, na kanisa lilikuwa likileta unga wa msaada. Unga ulipokwisha walibaki sita. Ni aibu kulisema, lakini wengi walimfuata Yesu mpaka mwisho wa gunia.

Katika hao sita, aliyefaa kufundisha alikuwa mmoja tu, Esekon, mfugaji wa miaka thelathini na kitu, mwenye kumbukumbu kali na ulimi wa kuwachekesha hata waliofiwa. Lokaale alikuwa ameanza kuona ukungu machoni, na alijua kwamba Esekon asipolichukua darasa, darasa litakufa pamoja naye. Mchungaji alikuwa ameahidi kuja Jumamosi kumwekea Esekon mikono na kumpa cheti cha ualimu. Ilibaki hadithi moja, ile ya Petro aliyechomoa upanga bustanini na kumkata sikio mtumishi aliyekuja na askari, naye Yesu akamwamuru aurudishe upanga, kisha akaliponya sikio la adui.

"Hii nitaitii namna gani, mwalimu?" Esekon aliuliza Jumatano. "Mimi hata upanga wangu mke wangu anakatia kuni."

Wenzake walicheka. Lokaale hakucheka.

"Subiri," alisema. "Hapa kwetu adui hachelewi."

Kesho yake asubuhi watu wenye bunduki walivamia kisima na kuondoka na mbuzi wote waliokuwa wakinywa maji. Zaidi ya nusu walikuwa wa Esekon. Kabla jua halijafika utosini, wanaume kumi na mmoja walikuwa wamekusanyika na bunduki zao tayari kufuata nyayo, na Esekon alikuwa wa mbele.

Lakini kwao watu hawafuati nyayo hivi hivi. Lazima mzee awanyunyizie maji na kuwapaka udongo mweupe kifuani. Mzee aliyeifanya kazi hiyo alikuwa amefariki mwaka uliopita, na hakuna aliyeshika nafasi yake. Kwa hiyo walikwenda mlangoni kwa Lokaale.

"Mwalimu, wewe ndiye unaongea na Mungu hapa," Esekon alisema. "Tunyunyizie twende. Nyayo zinapoa."

"Mimi si mganga."

"Hakuna aliyesema mganga," alisema mwanamume mwingine aliyekuwa nyuma. "Tumekuja kwa baba ya Ewoi."

Ewoi alikuwa mtoto pekee wa Lokaale. Alipigwa risasi kwenye kisima kile kile, mwaka mmoja kabla ya darasa kuanza, na siku ile baba yake ndiye aliyewazuia watu wasilipize kisasi. Wako ambao hawakuwahi kumsamehe.

Lokaale aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maji. Udongo aliukataa. Alichovya vidole, akawanyunyizia mmoja mmoja, akaomba Mungu awatangulie na awarudishe salama. Alikuwa na neno lingine, kwamba wasimwage damu. Lilimfika ulimini. Akazitazama zile nyuso kumi na moja zilizokuwa zikimpima, akalimeza. Alijiambia kwamba akiwakatalia watatafuta mganga, na yeye hatasikilizwa tena kijijini. Anayeogopa watu hakosi sababu ya namna hiyo, na huwa inafanana sana na hekima.

Mkewe, Akal, alikuwa amesimama kando ya boma akisikia yote.

"Baba Ewoi, umewaombea nini?"

"Warudi salama."

"Na wale wanaofuatwa? Hao umewaombea warudi wapi?"

Akal alichukua kile kibuyu, akamwaga maji yaliyobaki mchangani, akaenda kutafuta kuni.

Walirudi Ijumaa jioni wakiimba. Walileta mbuzi wao na wengine kumi na tisa wasio wao. Habari nyingine ilifika polepole, kwa wanawake kwanza: huko walikokwenda walimkuta mzee mmoja akichunga peke yake, hakuwa na silaha, na hakuwa miongoni mwa waliokuja kisimani. Walimuua.

Jumamosi Mchungaji Mwirigi alifika kwa pikipiki, cheti kikiwa ndani ya bahasha ya kaki ili vumbi lisikiharibu. Hakuwa amesikia lolote. Aliwasalimia, "Habari zenu," wakajibu nzuri. Esekon alikuja wa mwisho. Alikuwa bomani tangu alfajiri akiwatia alama yake mbuzi waliogawanywa, maana kila mwenye mifugo ana namna yake ya kukata sikio, na aliyekatwa kwa alama ya mwingine hukatwa tena juu ya ile. Damu ilikuwa imemkaukia kwenye kucha.

Alisimama akaisimulia hadithi ya upanga. Hakukosea hata neno. Alipofika pale Yesu anapolishika sikio la yule mtumishi, sauti yake ilishuka vizuri kama alivyofundishwa, na mchungaji akatikisa kichwa kwa furaha.

"Sasa muulize, mzee," alisema. "Kanuni ni kanuni."

Lokaale alikuwa akivitazama vidole vya Esekon.

"Umeitii?"

"Mwalimu," Esekon alisema taratibu, bila dharau, "si wewe uliyeninyunyizia? Tulipofika kule tuliambiana, hata mwalimu ametutuma."

Mchungaji aliwageukia wote wawili. "Kuwatuma wapi?"

Hapo Lokaale angeweza kunyamaza. Esekon angewekewa mikono, darasa lingepata mwalimu, na mchungaji angerudi mjini na taarifa njema. Lakini alisimama akaeleza yote, na lile neno alilolimeza akalitaja. Kisha akasema hakuna mwalimu wa kuwekewa mikono pale, naye hana hadithi mpya ya kumpa mtu mpaka wale mbuzi warudishwe kwa watu wa yule mzee.

"Nani awapeleke?" Esekon aliuliza. "Nikifika pale na mbuzi wao, nitarudi hai?"

Lokaale alisema yuko tayari kwenda naye.

"Wewe huoni hata njia, mwalimu."

Esekon alivaa ndara zake akaondoka, na wale watano wakamfuata. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, akairudisha bahasha mfukoni, akawasha pikipiki. Baada ya siku ile hakuja tena. Hakuwa na mwanafunzi wa kumjia.

Lokaale bado huketi kando ya tangi kila Jumamosi. Haendelei na hadithi nyingine, maana kanuni inamfunga yeye kwanza. Husimulia ile moja, ya upanga, na Akal hukaa juu ya jerikeni akimsikiliza mpaka mwisho. Akimaliza, Akal humuuliza kama ameitii. Husema bado.

Wale mbuzi wamekwisha kuzaa. Asubuhi nyingine Lokaale husikia wanambuzi wakilia bomani kwa Esekon, wanapokatwa masikio.