Kibuyu cha Mgawa Maji

Udongo mkavu ukimwagiwa maji una harufu yake, na mimi mpaka leo nikiinusa namkumbuka baba. Tulikaa mlimani, juu ya Kihurio, enzi za Mwingereza, na mashamba yetu yalipata maji ya ndiva, bwawa walilochimba wazee wetu, kila nyumba kwa zamu. Mwaka ule mvua za vuli zilitutupa mkono. Maji yaliyobaki yalitosha shamba moja tu, na zamu ilitugonganisha na jirani yetu, Mzee Sekiete. Desturi ya kwetu, waliogongana zamu waliketi kwenye bao, na mshindi ndiye aliyefungua mfereji. Maharage ya shamba letu ndiyo yaliyokuwa yamsomeshe dada yangu Nakunda, aliyebakiza mwaka mmoja shuleni.

Sasa baba yangu, jamani, kwenye bao hakuwa na mpinzani, ila alikuwa mzito. Kabla hajazinyanyua kete alizifuata kwa macho shimo kwa shimo, akafuata jibu la mwenzake, kisha jibu la jibu. Mama alimtania, "Baba Nakunda, hizo kete zitaota." Sekiete aliona hatua mbili, akacheza. Siku hiyo mgawa maji, mzee aliyesimamia zamu, alitazama jua, akasema bwawa linakauka tukiliangalia. Kwa kila zamu ya kucheza akajaza maji kibuyu chenye tundu, akakitundika. "Kikiisha hujacheza, umeshindwa." Baba akajibu taratibu, "Haraka haraka haina baraka." Sekiete akacheka. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo." Wote walisema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi.

Matone yakadondoka. Kila baba alipokaribia mwisho wa hesabu yake, kibuyu kilikuwa kinaisha, naye akazoa kete za shimo lililo karibu, akacheza alimradi kucheza. Sekiete akamla safu nzima ya mbele. Tulisimama tukisikiliza maji yakienda kwa jirani. Maharage yalikauka, na Nakunda akashuka bondeni kuanika singa, nyuzi za mkonge, kwa ujira. Hakusoma tena. Baba naye hakugusa tena bao. Alikufa akiamini kichwa chake ndicho kilichomwangusha bintiye.

Juzi, hapa Same mjini, mjukuu wa Nakunda alinionyesha kompyuta inayocheza sataranji. Akaipa sekunde moja ya kufikiri, akaishinda kwa urahisi. Akaipa dakika kadhaa, ikamnyoa bila maji.

"Umeibadilisha?" nikamuuliza.

"Hapana, Bibi, ni ileile. Ikipewa muda inaona hatua nyingi zaidi mbele."

"Na ukiipa saa nzima?"

"Nguvu inaongezeka, ila kidogo kidogo."

Nilikaa na neno lile, ileile. Kichwa cha baba nacho kilikuwa kilekile, kilichopungua ni muda tu. Nakunda hayupo wa kuambiwa, wala baba. Machozi yakanitoka mbele ya mtoto, naye akadhani nimechoka, akanyoosha mkono kuizima mashine ikiwa katikati ya mchezo.

Nikamshika mkono. "Iache, mwanangu," nikasema. "Iache imalize kufikiri."