Yale Baba Aliyoweza Kuyasema kwa Kiswahili

Asubuhi ile baba alishindwa kushika kikombe cha chai. Alikirudisha mezani, akaisukuma mikono chini ya mapaja, akasema, "Nipeleke hospitali. Nimechoka kunywa."

Tulikuwa tumebaki wawili kwenye boma letu la Nyamwaga. Mama alikuwa ameshachoshwa na gongo, akawachukua wadogo zangu akahamia kwa dada yake Morotonga, kule Serengeti. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, nasubiri ajira. Ng'ombe walihitaji mtu, na baba naye alihitaji mtu, ingawa hakusema.

Kwenye zahanati mganga alimsikiliza vizuri, kisha akasema hana dawa ya jambo hilo. Ila alituonya: mtu aliyeizoea gongo miaka mingi akiacha ghafla nyumbani anaweza kuanguka degedege. Tukapanda basi dogo hadi hospitali ya Tarime, wakamlaza. Alitetemeka, akaloa jasho, akanionyesha siafu ukutani. Nilipomwambia sioni siafu, alijifunika shuka usoni akalia.

Siku ya kuruhusiwa daktari alimwambia, "Mzee, mwili umetulia. Kazi iliyobaki ni kutorudia."

"Kuna mahali watu kama mimi wanakutana?"

Daktari alifikiri. Kulikuwa na nyumba za kuwasaidia walioacha, lakini iliyo karibu aliyoijua ilikuwa Mwanza, na wengi waliokaa humo walikuwa vijana wa dawa za kulevya. Mtu hukaa miezi.

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kuna vikundi vya akina mama, na vya vijana. Cha akina baba, mzee, sijakisikia."

Sikujua kwamba kuacha pombe ni kuacha watu. Rafiki zake walikuja mara moja kumpa pole, wakakaa, wakaishiwa maneno, wakaaga. Ukoo ulipokaa kupanga mahari ya binamu yangu, wazee walizunguka chungu cha pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake, na baba akapewa soda pembeni. Mazungumzo yakamruka. Alirudi jua bado kali. Kanisani mchungaji alimwombea, kisha akamtaka asimame atoe ushuhuda. Baba alisema atafikiri, na Jumapili iliyofuata hakwenda.

Nikampigia mama. Akasema, "Mwambie nimefurahi. Lakini sirudi."

Sikumwambia baba ile sehemu ya pili. Hakuuliza.

Jioni, ng'ombe wakishaingia, alikaa kwenye lango la zizi na mimi nikakaa karibu naye. Tuliongea habari za ndama na mvua. Nilikuwa namwita Tata kama nilivyomwita tangu utoto, naye akiitika, na baada ya hapo hakuna aliyejua aseme nini.

Kisha plau ikavunjika. Tuliipeleka Matongo kwa fundi wa kuchomelea, Msukuma aliyekuja huku kufuata dhahabu, akachoka na mashimo, akafungua kibanda chake. Wakati tunasubiri, alituagizia chai. Baba alitia sukari, akatia tena, akaongeza nyingine. Fundi akaacha kazi akamtazama.

"Mzee, umeacha karibuni, eti?"

Baba alikiweka kijiko mezani.

"Sukari hiyo naijua. Na mimi nilipoacha niliila hivyo hivyo. Wangu nimewaacha Shinyanga. Mtoto wa mwisho sijui hata kama ananikumbuka sura."

Wiki iliyofuata baba alisema jembe la mkono limelegea. Jembe lilikuwa zima. Tukapanda bodaboda tukaenda. Ikawa hivyo kila wiki, mpaka tukaacha kutafuta visingizio. Nilikaa mlangoni mwa kibanda, wao ndani. Kiswahili cha baba hakikuwa kizuri. Alikivunja, akakiunga kwa Kikurya, fundi akamsubiri. Siku moja nilimsikia akisema:

"Nilikuwa nimelala mtaroni, asubuhi. Binti yangu akapita akienda shule. Alivua sweta yake akanifunika, akaenda na baridi ile. Nilikuwa macho. Nilijifanya nimelala."

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiamini kwamba ile asubuhi ni yangu peke yangu.

Njiani kurudi tulishuka mapema tukatembea. Baba akasema bila kunitazama, "Kwa Kikurya yale hayatoki. Nikianza, namsikia baba yangu. Kiswahili hakinijui sana."

"Sawa, Tata."

"Ulirudishiwa sweta?"

"Nilirudishiwa. Uliiweka mlangoni."

Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kutembea.

Fundi alihamia Geita kabla ya mavuno. Walipigiana simu, lakini simu haina kimya cha kusubiriana. Mtandao ukikatika, mtu anadhani mwenzake amechoka. Kaka yake baba alipofariki, baba alikunywa msibani. Sikumlaumu, na yeye hakujitetea. Kesho yake nilikuta kitanda kitupu nikaogopa. Mchana akapiga simu: yuko hospitali ya Tarime, amejipeleka mwenyewe, nimletee blanketi.

Hajanywa tangu hapo, au hajaniambia. Mwanamke mmoja wa Matongo aliyekuwa anamjua fundi alikuja kumwomba baba akae na mumewe, ambaye naye anajaribu kuacha, na sasa wanaume hao wawili hukutana nyuma ya mashine ya kusaga, siku ambayo haisagi.

Mimi nimepata ajira Serengeti. Shule ina nyumba ya walimu, na nyumba ina chumba kimoja changu. Nikitoka darasani nampigia baba. Siku nyingine hapokei. Basi naweka simu mezani, napika uji, nausahau ukapoa, nasubiri apige yeye.